Mguu wa Mama Mkwe

Izigo nzima ilijua kabla Damian mwenyewe hajajua. Ilijulikana kwa muuza nyama, ikajulikana kwenye mashine ya kukoboa, ikajulikana hata kwa wanakwaya, ambao kwa kawaida hawajui kitu mpaka kitangazwe baada ya misa: mwamuzi wa mechi ya softiboli ya Jumamosi, kina mama wa Izigo na kina mama wa Rwamishenye, atakuwa yule kijana wa Buganguzi anayemchumbia Renatha. Na mrushaji wa Izigo ni nani, kama si Mwalimu Ephrasia, mama mzazi wa Renatha?

"Huo si mpira," alisema muuza nyama huku akishusha shoka kwenye mfupa. "Hiyo ni kesi."

Damian alizipata habari asubuhi ya mechi, kwa simu. Joackim, aliyekuwa amepangiwa kuchezesha, alikuwa amefiwa na baba yake mdogo na yuko njiani kwenda Karagwe. Waamuzi wa softiboli wenye cheti mkoa mzima unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vinabaki. Timu ya Rwamishenye ilishapanda Kosta tangu saa moja, na masufuria ya chakula cha wageni yalishawekwa jikoni. Hakuna wa kumwambia rudi.

"Kaka, mimi siwezi," Damian alisema. "Yule ni mkwe wangu."

"Barua imeshapelekwa?"

"Inapelekwa Jumamosi ijayo."

"Basi bado ni mrushaji tu. Wewe usimtazame mtu. Tazama mguu."

"Joackim! Nimtazame mama mkwe mguu?"

Upande wa pili kikatoka kicheko cha mfiwa ambaye hakutegemea kucheka siku hiyo.

Kwao Damian, mwanamume akishajulikana kwamba anataka kuoa nyumba fulani, mama wa nyumba ile huwa kama jua la saa sita: unaota joto lake, lakini humkazii macho. Mkikutana njiani unaingia migombani kumpisha. Mkono hampeani. Ukiwa na neno unalimpa mtu wa tatu alifikishe, hata kama mama mwenyewe yuko hatua mbili kutoka hapo na amesikia kila kitu. Na Damian alikuwa na sababu ya kushika adabu kuliko wengine, maana mzee Mwijage, baba yake Renatha, alishamwambia mshenga waziwazi: "Mimi mnipe kahawa nitafune. Mama yake akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, msije kunisumbua."

Kwa hiyo kijana alipofika uwanja wa shule saa nane mchana, na kofia yake ya mwamuzi na barakoa ya nyaya chini ya kwapa, alizunguka nyuma ya madarasa ili asikutane na mrushaji wa Izigo.

Renatha alikuwa pembeni na chaki, anachora mistari ya pointi kwenye ubao uliotolewa darasa la tatu. Hakugeuka kumtazama.

"Damian."

"Naam."

"Ukimbeba mama kwa ajili yangu, nitajua. Ukimwonea ili watu wasiseme, nitajua pia."

"Sasa nifanye nini?"

"Chezesha," Renatha alisema, akapuliza vumbi la chaki.

Nahodha wa Rwamishenye, Bi Mastura, muuza samaki mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya ziwa, alikuja kumsalimu akiwa ameshafunga mtandio wake vizuri chini ya kofia ya mchezo. "Baba, tumeshasikia. Mchumba huyu hapa, mama mkwe yule pale. Sisi hatuna neno, tunakuamini. Ila ukiogopa, wallahi tutakuimba kutoka hapa mpaka stendi ya Bukoba."

Wenzake wakapiga vigelegele kana kwamba ameahidi jambo jema.

Sasa huyo Mwalimu Ephrasia msimchukulie mwepesi. Miaka arobaini na tisa, mabega kama ya mtu anayebeba mikungu kwa ajili ya mazoezi, na mkono aliofundishwa akiwa chuo cha ualimu na Mjapani mmoja wa kujitolea, ambaye aliondoka akaacha mipira minne, glovu sita na wanawake watatu waliochanganyikiwa na mchezo. Wawili walipoa. Ephrasia hakupoa. Ndiye aliyeanzisha timu ya Izigo, na ndiye aliyekwenda Rwamishenye likizo moja baada ya nyingine kuwafundisha hao hao waliokuja leo kumfunga.

Katika softiboli mpira hurushwa kutoka chini, mkono ukipita kiunoni. Mrushaji anasimama juu ya kibao chake, na anaporusha, mguu wa nyuma unasukuma kibao na kuburuzwa chini mpaka mpira utoke. Hauruhusiwi kuruka, kukanyaga tena mbele, ndipo mpira utoke. Ukifanya hivyo umemwibia mpigaji hatua nzima, na huo ni mrusho batili.

Lakini Mwalimu Ephrasia, kwa heshima ya umri wake na ya wanafunzi wake, alicheza na sketi ndefu ya kitenge juu ya suruali ya michezo. Sketi ilifika chini kabisa. Kilichotendeka ndani ya pindo lile alikijua yeye na Mungu. Kuna mwamuzi mmoja tu aliyewahi kumgusia habari ya ile sketi, na tangu siku hiyo hakuitwa tena Izigo.

Mizunguko mitatu ya kwanza Damian alichezesha akiangalia kila kitu isipokuwa mrushaji. Alimwangalia mpigaji. Alimwangalia mdakaji, Nancy, msichana wa ofisi ya kata aliyechuchumaa mbele yake. Aliangalia mpira ulipokwishafika. Mama mkwe alipoinua mkono, macho ya Damian yalishuka yenyewe kwenye nyasi, kama watu waliokatazwa.

Benchi la Rwamishenye likaanza mdogo mdogo.

"Refa, chini hapo umedondosha nini?"

"Anatafuta pete!"

"Mwacheni, anahesabu majani. Ndiyo mahari yake!"

Mzunguko wa tatu ulipoisha, Izigo sita, Rwamishenye nne, Bi Mastura aliomba kusema. Alikuja mpaka kibao cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, akasogea karibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akashusha sauti.

"Baba. Yule mama anaruka kama senene kwenye taa. Mimi amenifundisha yeye, mguu wake naujua. Sikuombi uniamini. Nakuomba utazame."

"Sketi inafunika, Bi Mastura."

"Pindo likiinuka kabla ya mpira kutoka, mguu umeinuka. Sketi hairuki yenyewe."

Damian aliona aibu, na si kwa sababu ya utani. Kwenye semina yao, siku tano Dar es Salaam wakila wali maharage, walifundishwa jambo moja ambalo mkufunzi alilirudia mpaka wakalichoka: mrusho batili unauita ule uliouona, na unawajibika kuona. Kunyamaza kwa sababu hukutazama si huruma, ni uvivu uliovaa kanzu. Na walifundishwa pia kwamba kabla ya kupiga mtu adhabu, mwamuzi mwenye busara hutafuta nafasi kati ya mizunguko, akapenyeza neno kwa kocha au kwa mdakaji, mrushaji ajirekebishe bila kuaibishwa.

Kwa mdakaji! Damian karibu acheke. Mtu wa tatu huyu hapa, kachuchumaa mbele yake tangu saa nane.

"Nancy," alisema, macho yakiwa juu ya barakoa aliyoishika. "Mwambie mwalimu kwamba mguu wa nyuma ukiondoka kwenye kibao uburuzwe. Usiruke. Mwambie ni ukumbusho tu, sijamwadhibu."

Mwalimu Ephrasia alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo, anakunywa maji. Nancy alimgeukia. "Mwalimu, anasema mguu wa nyuma uburuzwe, usiruke."

"Mwambie huyo kijana wa Buganguzi," Ephrasia alisema bila haraka, "kwamba nilianza kurusha mpira huu yeye akiwa bado analia apewe uji."

Nancy akageuka. "Anasema—"

"Nimesikia. Mwambie shikamoo. Na mwambie mzunguko huu nitautazama."

"Mwalimu, anasema shikamoo, na—"

"Marahaba. Mwambie atazame tu. Macho ni yake."

Watu wa pembeni walikufa kwa kicheko. Mzee Mwijage, chini ya mwavuli wake, alitafuna kahawa na kutema ganda.

Basi akatazama. Ilikuwa kazi kuliko kupanda kilima cha Buganguzi na gunia. Mwalimu alipopanda kibaoni, Damian alivaa barakoa, akakaza shingo, akaliweka jicho lake pale pindo la kitenge lilipogusa ardhi, wala halikupanda juu ya hapo hata kwa upana wa kidole. Mzunguko wa nne mguu uliburuzwa vizuri, ukaacha mfereji mwembamba kwenye vumbi. Wa tano hivyo hivyo. Lakini mpira ulikuwa umepungua kasi, na Rwamishenye wakaanza kuupata. Nane kwa saba. Nane kwa nane. Izigo wakaongeza moja. Uwanja ukasimama wote, hata kina mama waliokuwa jikoni wakaja na miiko mikononi, na nyumbani kwa Ephrasia ndizi zikabaki na mtoto wa jirani na Mungu.

Mzunguko wa saba, wa mwisho. Rwamishenye ndio waliokuwa wanapiga, kwa kuwa walishinda kura ya sarafu wakachagua kupiga mwisho. Izigo tisa, Rwamishenye nane. Wachezaji wawili walishatolewa, akibaki mmoja mechi iishe. Vituo vyote vitatu vimejaa wakimbiaji wa Rwamishenye. Kwenye kibao cha nyumbani alisimama Yasmin, binti mwembamba mwenye jicho kali. Mipira mibaya mitatu, straiki mbili, yaani mara mbili ameukosa mpira mzuri, na ya tatu inamtoa. Mrusho mmoja unaamua: ukiwa straiki, Izigo wameshinda, ukiwa mpira mbaya wa nne, Yasmin anatembea bure kwenda kituo cha kwanza, kila mkimbiaji anasogea, na wa kituo cha tatu anaingia nyumbani na pointi ya kusawazisha.

Mwalimu Ephrasia alipanda kibaoni. Alijipangusa jasho kwa mkono wa shati. Akaunganisha mikono kifuani, akatulia, akatazama glovu ya Nancy. Kisha akazungusha mkono.

Damian aliliona pindo linainuka. Halikupepea, hakukuwa na upepo. Liliinuka, likatua hatua nzima mbele, vumbi likatimka chini yake, ndipo mpira ukatoka, wa kasi, ule wa zamani. Yasmin akapiga hewa. Glovu ya Nancy ikalia paa!

Izigo ililipuka. Miiko ikarushwa juu. Mtu akamkumbatia mzee Mwijage na kumwangushia mwavuli. Nancy aliruka akageuka kumshangilia mwamuzi, akasita.

Mkono wa kushoto wa Damian ulikuwa umenyooka pembeni, ngumi imefungwa.

Ndivyo inavyofanywa. Mwamuzi akiona mrusho batili haukatizi mchezo, hapigi kelele. Ananyoosha mkono ule, anafunga mdomo, anaacha mchezo ufike mwisho wake, halafu ndipo anasema. Damian alikuwa ameunyoosha tangu pindo lilipotua. Hakuna aliyeuona kwa sababu hakuna aliyetaka kuuona, na sasa waliuona mmoja mmoja, na kelele zikafa upande hadi upande, kama taa za mtaa umeme ukikatika.

"Muda," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. Akasema tena. "Muda! Mrusho batili. Mguu wa nyuma umeruka na kukanyaga tena kabla ya mpira kutoka."

Sheria ilimtaka amuulize nahodha wa wapigaji, na yeye alikuwa mtu wa sheria mpaka mwisho, hata kwa jambo la kuchekesha. "Bi Mastura, unachukua matokeo ya mchezo au unachukua adhabu?"

"Loo, baba!" Bi Mastura alishika kiuno. "Matokeo si nimefungwa? Unamuuliza mwenye njaa kama anataka wali? Nipe adhabu yangu!"

"Mpira wa nne. Mpigaji aende kituo cha kwanza."

Tisa kwa tisa. Renatha aliandika tisa ya pili ubaoni polepole, chaki ikikwaruza, na hakuna aliyeweza kusoma chochote usoni mwake.

Mwalimu Ephrasia hakubishana. Hakutuma neno kwa Nancy. Alisimama kibaoni amegeukia migomba muda mrefu kidogo, kisha akageuka, akarusha, na mguu ukaburuzwa chini safi kabisa. Mpira ulikuja taratibu, wa heshima, na Bi Mastura, aliyefuata kupiga na ambaye hakuwahi kumwonea huruma mtu katika maisha yake ya kuuza samaki, aliupiga mpaka kwenye uzio wa nyumba ya mwalimu mkuu. Kumi kwa tisa. Mechi ikaisha.

Ephrasia alivua glovu, akapita upande wa pili wa uwanja, mbali na mwamuzi, akaelekea nyumbani.

Kwa kawaida Damian angepanda pikipiki yake arudi Buganguzi. Lakini mgeni wa Izigo haondoki na njaa, na mzee Mwijage alimshika mkono kabisa. "Waitu, mwenzetu, utakula. Umetuua, sasa kula matanga."

Nyumba ilijaa mpaka ikatapika watu barazani. Timu zote mbili, majirani, dereva wa Kosta, wanakwaya. Kina mama wa Rwamishenye walikuwa wameshavua viatu na kujigawia kazi jikoni kana kwamba ni kwao, Bi Mastura akikosoa chumvi ya mwenyeji aliyemfunga. Damian alikalishwa chumba cha mbele na wanaume, sahani ya ndizi na samaki mapajani, akichambua miiba bila kula. Kila mtu alirudia mchezo kwa mikono. Hakuna aliyemtaja mama mwenye nyumba, na hilo ndilo lililomtisha.

Renatha alipita na birika la maji ya kunawa. Damian alinong'ona, "Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Kitu chochote?"

"Amemuuliza tu Bi Mastura kama uliutazama mguu au ulibahatisha. Bi Mastura akamwambia alikuona shingo imekakamaa kama ya jogoo." Renatha alimmiminia maji muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nawa vizuri."

"Renatha, nilipaswa—"

"Najua. Mimi si ndiye nimeandika tisa?" Akaondoka, na kwenye pembe ya mdomo wake Damian aliona kitu kidogo cha kumtia moyo, ingawa si kikubwa cha kushibisha.

Ndipo ilipoanza sauti.

Ilitoka uani, nyuma ya ukuta ambao Damian aliuegemea. *Kwaru-tu.* Kimya. *Kwaru-tu.* Minong'ono ya wanawake. Kisha sauti ya Mwalimu Ephrasia, ya darasani, iliyozoea kufika dawati la nyuma:

"Nancy! Muulize huyo kijana: hiyo ni halali?"

Nancy alijitokeza mlangoni na kipande cha ndizi mkononi. "Anauliza hiyo—"

"Nimesikia," Damian alisema. Aliweka sahani chini. "Mwambie sijaona."

"Mwalimu, anasema hajaona!"

"Mwambie asione! Asikilize. Masikio hayana mwiko."

*Kwaru-tu.*

Damian aliweka sikio ukutani. Mzee Mwijage akazuia mtu aliyetaka kukohoa.

"Mwambie hiyo imeruka," Damian alisema. "Kuna kukwaruza, halafu kuna kukanyaga. Kukanyaga kusiwepo."

"Anasema kukanyaga kusiwepo!"

"Goti hili," sauti ilisema, safari hii chini zaidi, karibu ya kujisemea. "Tangu nilipodondoka kwenye mtaro mwaka ule. Likichoka, linaruka lenyewe. Mwambie sikukusudia kuiba."

Nancy alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama tu Damian.

"Mwambie najua," Damian alisema. "Na mwambie mizunguko mitatu ya kwanza sikutazama kabisa. Nilitazama nyasi. Kama aliruka, kosa ni langu mimi, si lake. Bi Mastura namwomba radhi, na yeye pia namwomba."

Halafu Ephrasia akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda, na wanawake wote wa uani wakakifuata, na sauti ya Bi Mastura ikapaa juu ya zote: "Kumbe kweli alikuwa anahesabu majani!"

"Nisogeze wapi uzito?" Ephrasia aliuliza, alipopata pumzi. Sasa alikuwa anauliza kama mwanafunzi. "Goti lisichoke?"

Damian alifikiri. "Mwambie aanze na hatua fupi ya mbele. Asiutupe mwili. Mpira utapungua kasi kidogo, lakini aubanie vidoleni mwishoni, utapinda."

Nancy hakuhangaika tena kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Alikaa kizingitini, akala ndizi yake.

*Kwaruuuu.* Ndefu, nyororo, bila pigo.

"Hiyo?" sauti iliuliza.

Wanaume wote chumbani waliegemea ukuta. Dereva wa Kosta, ambaye hakujua softiboli wala Renatha ni nani, alikuwa amebana pumzi.

"Mwambie hiyo ni halali," Damian alisema.

"Ya bahati hiyo," alisema Mwalimu Ephrasia nyuma ya ukuta. "Narudia. Nancy, wewe mtoto, umelala? Mwambie mkwe wangu asikilize tena."